Gari Lisilo na Mahali pa Kununia

Kwa Meneja wa Mauzo,
Kampuni ya Magari ya Kulala Safarini

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU GARI LENU JIPYA DOGO LA KULALA, NILILOPEWA KULIJARIBU KWA SIKU KUMI

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini barua hii itakukuta umeketi katika chumba chenye milango miwili. Mimi naiandika nikiwa na mlango mmoja tu, na mbele ya mlango huo mke wangu amenyoosha miguu, anafuma soksi.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ni fundi cherehani mstaafu. Nimepima viuno vya watu kwa miaka thelathini na minne, na wateja wangu waliniita Fundi Kesho, kwa sababu ambazo haziihusu barua hii. Mpwa wangu, ambaye yuko kwenye ofisi yenu ya mapokezi, aliniambia mnatafuta mume na mke wa kawaida wa kulijaribu gari hilo na kutoa tathmini ya kweli. Fomu aliijaza yeye, lakini nakiri kwamba majibu yalitoka kinywani mwangu. Penye kiuno nilimwambia aandike inchi thelathini na sita, kipimo nilichokuwa nacho siku ya harusi yangu. Penye swali "Je, unakoroma?" nilisema sijawahi kujisikia, na huo ni ukweli mtupu.

Sasa malalamiko yangu, kwa mpangilio.

1. Kitanda. Kijikaratasi chenu cha matangazo kinasema watu wawili watalala humo "kwa nafasi ya kutosha". Siku ya kwanza, tulipoegesha gari kando ya ziwa, nilitoa futi yangu nikakipima: upana inchi arobaini na nane. Nikampima mke wangu mabega: kumi na sita. Zikabaki inchi thelathini na mbili zangu peke yangu, nikatikisa kichwa kwa kuridhika. Mke wangu akaninyang'anya ile futi akanipima mimi, nimelala chali. Jibu hakunitajia. Aliniuliza tu, "Fundi, ina maana miaka yote hiyo suruali za watu ulizipima kwa futi hii hii?"

Nalalamika kwamba gari lenu linafichua vipimo vya mteja bila idhini yake.

2. Kitanda hicho, asubuhi, ndicho meza. Ila hakigeuzwi na mtu mmoja. Lazima mmoja ainue ubao, mwenzake achomoe mguu wa chuma chini yake, na wote waseme "haya" kwa wakati mmoja. Ndugu Meneja, hukutuuliza kama sisi ni watu wa kusema "haya" pamoja. Mke wangu ni muuguzi mstaafu. Kwa miaka ishirini na sita alifanya zamu za usiku, mimi nikishona mchana. Tulikuwa tunakutana mlangoni, yeye anaingia, mimi nafungua duka. Watoto watatu tumewalea kwa kupokezana kama walinzi wa ghala. Basi asubuhi ile mimi nilisema "haya", yeye akaisema baadaye kidogo, na katikati ya "haya" hizo mbili kilikuwamo kidole changu cha shahada.

Alinifunga bandeji. Alifunga taratibu, akapuliza, akaniambia nisiwe mtoto. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuhudumiwa na muuguzi niliyemwoa. Sisemi kwamba ilikuwa vibaya. Nasema halikuwa jambo lililoandikwa kwenye kijikaratasi.

3. Hili ndilo kubwa: gari halina mahali pa kununia.

Siku ya tatu tulitaka kusogea karibu na maji. Mimi nilikuwa kwenye usukani narudi nyuma, mke wangu amesimama nje ananiongoza.

"Fundi, nyuma kuna mti."

"Nauona."

"Unauona kwa macho gani?"

"Mama, mimi naendesha gari tangu hujajua kupanda baiskeli."

"Haya, endesha."

Taa ya nyuma ya kushoto imevunjika. Vipande nimeviambatanisha kwenye bahasha hii, nimevihesabu, viko kumi na vinne. Mti hauna tatizo.

Mke wangu hakusema "nilikwambia". Laiti angesema! Alinitazama tu, kama wanavyotazama wauguzi mgonjwa aliyekunywa dawa ya kupaka. Nikaamua kununa.

Naomba ieleweke kwamba mimi si mnunaji wa jana. Nyumbani nimewahi kununa siku tisa mfululizo, kwa sababu niliyoisahau siku ya nne. Lakini kununa ni kazi, na kazi ina vifaa vyake: chumba, umbali, na mlango wa kubamiza. Mlango wenu ni wa kuteleza. Niliuvuta kwa hasira zote alizonijalia Mungu, nao ukajifunga polepole, kimya, kama unaogopa kuamsha mtoto. Nikaufungua tena, nikatoka nikasimama nje, nimeyapa maji mgongo. Mvua ikaanza. Nikarudi ndani. Kiti pekee kilichobaki kinatazamana na cha mke wangu, na magoti hayana budi kugusana. Nikageuzia uso dirishani, na kioo kikanionyesha mke wangu anacheka. Kisha maji yakaanza kunichuruzika kutoka kichwani kuingia masikioni, nikalazimika kumwomba taulo.

Ukishaomba taulo, kununa kumekwisha. Dakika kumi na moja! Umri wangu huu.

4. Mvua ile ilinyesha siku mbili, na hapo ndipo gari lenu lilipovuka mipaka. Tulikunywa chai. Tukacheza karata, nikashindwa. Tukanywa chai tena. Saa tisa alasiri, mazungumzo yote ya kawaida (paa linalovuja, simu ya binti yetu, goti lake, mgongo wangu) yalikuwa yamekwisha. Mke wangu akaweka kikombe chini.

"Fundi, kwa nini ulihamia kulala kwenye chumba cha cherehani?"

Nikamjibu kwamba ni kwa ajili yake, kwa sababu anafanya kazi usiku, akirudi asubuhi apate kupumzika bila kusumbuliwa na mikoromo yangu.

"Mimi nimestaafu mwaka wa pili sasa," akasema.

Nilitafuta mlango. Unajua ulipokuwa.

"Mimi nilidhani ni ile harufu ya dawa za hospitali," akaendelea, akitazama kikombe chake. "Nilikuwa naoga mara mbili kabla ya kuja nyumbani. Nikasema, basi, imemshinda."

Ndugu Meneja, nyumbani ningesema "tutaongea kesho". Neno hilo limenihudumia vizuri maisha yangu yote, kwa wateja na kwa familia. Lakini kwenye gari lenu huwezi kusema "kesho" kwa mtu ambaye magoti yake yamegusana na yako. Ikabidi niseme kweli. Nilimwambia kwamba harufu ile ndiyo iliyokuwa inaniambia amerudi salama. Kwamba alipokuwa akipita nyuma ya duka asubuhi, niliisikia kabla ya kusikia hatua zake, na hapo ndipo mguu wangu ulipokuwa unatulia kwenye cherehani. Kwamba alipostaafu ikapotea, na mimi sikujua nirudi chumbani kwa kisingizio gani, kwa kuwa hakuna aliyeniita.

"Nikuite kwangu kama nani?" akasema. "Kama mgeni?"

Kisha akalia. Halafu na mimi, Ndugu Meneja, katika gari la kampuni, mchana kweupe. Kulikuwa na taulo moja tu. Hilo pia nalilalamikia.

5. Kwa hayo yote, naomba kampuni yako ichukue hatua zifuatazo bila kuchelewa. Muongeze ukuta katikati. Muongeze mlango wa kubamiza kwenye ukuta huo, na ukumbi wa hatua tisa ili mtu aliyenuna apate pa kutembelea. Viti vitazamane migongo. Iwepo meza ambayo mtu huikunja mwenyewe bila kumshirikisha mwingine. Jiko liwe upande mmoja, kitanda changu upande wa pili, chake upande wa tatu. Matairi yaondolewe, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyotufikisha kwenye mti. Nimeuchora mchoro na kuupima mwenyewe, na nilipoumaliza nikaona kwamba nimechora nyumba yetu. Sina maoni zaidi kuhusu mchoro huo.

Mkishindwa, basi bandikeni onyo mlangoni, kwa herufi kubwa, kwamba humu hakuna pa kujificha.

Nisalimie mpwa wangu, mwambie mke wa mjomba wake anauliza kama anakula vizuri. Nisalimie mlinzi wa getini aliyenifundisha kuwasha gari, yule mhasibu aliyeniazima kalamu, na aliyeandika "kwa nafasi ya kutosha", popote alipo, Mungu amsamehe.

Ni mimi, mwenye kulalamika kwa adabu,
Fundi Kesho
(kidole cha shahada kimepona)

N.B. Mke wangu ameisoma barua hii kutoka juu ya bega langu, kwa kuwa ndani ya gari hili hakuna namna nyingine ya kuisoma. Amenikumbusha kwamba mwisho wa kijitabu cha tathmini mlichotupa kuna swali la kutia tiki: "Je, toleo lijalo liwe kubwa zaidi, libaki hivi hivi, au liwe dogo zaidi?" Tumelijadili asubuhi nzima, mvua ilishakatika. Tumetia tiki kwenye "dogo zaidi". Tunaomba pia siku kumi nyingine.