Nani Apite Kwanza Njiapanda ya Matofali

Jumatatu, 21 Oktoba

Asubuhi ukungu. Gari limewaka mara ya kwanza, ajabu! Nimefika njiapanda yetu, pale Mtaa wa Matofali unapokatana na Mtaa wa Wafumaji. Hakuna taa. Hakuna alama. Trafiki hajaonekana pale tangu enzi za Usovieti. Na kama kawaida, tramu namba tano ikatokea, na kama kawaida, nikasimama. Sheria ya Urusi ndiyo hiyo: barabara zikiwa sawa, yaani hakuna iliyo kuu, tramu hupita kwanza, iwe inatoka kulia, kushoto au mbinguni.

Dereva ni Rimma Yegorovna, jina nililolisikia kwa abiria wake. Bereti nyekundu, kidevu juu. Hupiga kengele mara moja, huinamisha kichwa kidogo, anapita. Miaka minne sasa. Sijawahi kuongea naye. Siku nyingine hiyo kengele ndiyo salamu pekee ninayoipata hadi nalala.

Nimekwenda kununua mkate. Kondakta wa tramu yake alikuwa kwenye foleni mbele yangu, akimwambia muuzaji kwamba Ijumaa ni siku ya mwisho ya Rimma huku kwetu. Jumatatu ijayo anahamishiwa laini namba mbili, upande wa viwandani. Nikasahau mkate. Nikarudi na hela mkononi, bila kitu.

Nimeamua. Kabla ya Ijumaa kwisha, Rimma Yegorovna atasimama kunipisha mimi. Mara moja tu. Kwa haki, kwa mujibu wa sheria. Akisimama ataniona vizuri, nitavua kofia, tutajuana. Mpango mzuri sana!

Nimemweleza Yevsei Kuzmich, jirani yangu wa gereji, pale tunapohifadhi magari, aliyefundisha watu udereva maisha yake yote na bado hajaacha. Alikuwa anakatakata kabichi ya kuchachusha. Akaniuliza kwa nini nisinunue tiketi nikapanda tramu kama binadamu wengine. Nikamjibu kwamba mwanamume mwenye gari lake hapandi tramu. Akasema, "Savelyich, gari lako lenyewe lingekuwa na akili lingepanda tramu." Mshamba.

Jumanne, 22 Oktoba

Mpango wa kwanza. Kwenye njiapanda isiyo na alama, anayetoka kulia hupishwa. Kila mtoto anajua. Basi nikazunguka nyuma ya bafu la mtaa, nikaja kutoka upande wa pili, ili niwe kulia kwake. Nikanyoosha mgongo. Nikaingia!

Kengele ikalia kama kanisa linaungua. Nikakanyaga breki, gari likazimika pua ikiwa karibu na reli. Tramu ikapita taratibu. Akina mama wote dirishani wakanitazama, mmoja akajigonga paji la uso kwa kidole, yaani nina kichaa. Rimma Yegorovna hakuinamisha kichwa leo. Iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Yevsei Kuzmich aliona kila kitu kutoka kituoni. Akaja kuninong'oneza, kwa ile sauti yake ya darasani, kwamba habari ya kulia na kushoto ni ya magari kwa magari. Tramu haimo. Nikasema najua. Akauliza kama najua, mbona nimeingia. Nikajifanya napokea simu.

Hata hivyo nilipiga simu kweli, baadaye. Binti yangu Ksenia, aliye Vladivostok, mashariki kabisa ya nchi. Kule usiku ulikuwa umeshaingia. Alisema, "Baba, kuna nini? Unaumwa?" Nikasema hapana, nilitaka tu kusalimia. Akasema atanipigia Jumapili.

Jumatano, 23 Oktoba

Usiku wa jana nilipata wazo hadi nikaamka kutembea sebuleni. Barabara zetu ni sawa kwa sababu hazina alama. Zikipata alama, si sawa tena! Tramu ikiwa kwenye barabara ndogo, lazima ipishe barabara kuu. Hata tramu. Imeandikwa.

Nimechukua ubao wa kabati alilotaka kuondoka nalo Zoya, mke wangu wa zamani, likashindwa kupita mlangoni. Nimekata pembe nne, nimepaka rangi nyeupe, katikati njano. Alama ya barabara kuu, safi kabisa, hata inspekta angepiga saluti. Alfajiri nikaifunga kwa waya kwenye nguzo ya Mtaa wa Matofali. Mtaa wangu sasa ni barabara kuu. Nikaingia garini, nikasubiri tramu kwa mapigo ya moyo ya kijana.

Ikaja. Haikupunguza mwendo hata kidogo.

Nilikuwa nimesahau kitu kimoja. Alama ya barabara kuu inamtazama aliye kwenye barabara kuu, yaani mimi. Rimma Yegorovna, kwa upande wake, alihitaji kuwekewa ya pembetatu, ya kupisha. Sikuitengeneza. Kwa hiyo mtu pekee aliyejua kwamba mtaa wangu ni mkuu ni mimi, pamoja na lori la mchanga nyuma yangu, ambalo liliiamini alama na kunipigia honi nisogee. Dereva akateremka. "Mjomba, umelala? Barabara kuu hii, kanyaga!" Nikamwambia nilikuwa naipisha tramu. Akasema tramu ndiyo ingesubiri. Nilikuwa nabishana na mtu pekee duniani aliyekuwa upande wangu.

Nimeing'oa alama kabla haijaua mtu. Waya umenikata kidole. Nimejifunga bandeji kwa mkono mmoja na meno, maana hakuna wa kunishikia upande wa pili.

Alhamisi, 24 Oktoba

Theluji ya kwanza! Na mpango wa uhakika. Tramu inapotoka karakana yake, inakolala usiku, lazima ipishe magari yote. Hapo haina ukubwa wowote. Nikawa langoni mwa karakana gizani, nimevaa tai, kofia mpya, na chupa ya chai.

Majirani wote wameshabadilisha matairi, mimi bado natembelea ya kiangazi, yasiyoshika theluji. Hilo nalo nililisahau. Taa mbili zikatokea langoni. Namba tano! Nikaondoka taratibu, kwa heshima, nikiwa na haki kamili. Tramu ikasimama. Ikasimama, jamani! Ikanipisha! Nikageuza shingo nivue kofia. Gari nalo likageuka, likageuka tena, likapanda tuta la theluji na kutulia likitazama nilikotoka.

Aliyekuwa akiendesha ni mwanamume mwenye masharubu. Rimma Yegorovna leo ameingia zamu ya jioni. Yule bwana akafungua kidirisha, akauliza kama niko hai. Nikasema niko hai. Akasema, "Basi rudi nyumbani, babu." Babu!

Yevsei Kuzmich amenivuta kwa kamba. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Njiani akaniuliza kila asubuhi huwa nakwenda wapi, hasa. Nikasema gereji. Akasema nikifika gereji naitazama tu, kisha nageuza gari, ameniona, siku zote. Ni kweli sina ninakokwenda. Nakwenda njiapanda, kengele inalia, narudi kunywa chai.

Ijumaa, 25 Oktoba

Siku ya mwisho. Sina mpango. Nimefika njiapanda kama miaka yote minne, upande wangu, nikasimama. Namba tano ikaja.

Ikasimama!

Katikati ya mtaa, si kituoni, haki yote ikiwa yake. Ikawasha taa na kuzima, mara mbili, yaani pita wewe. Kisha kidirisha kikafunguka, bereti nyekundu ikatoka.

"Veniamin Savelyevich!" Anajua jina langu kamili! "Egesha hilo gari, njoo upande! Leo mzunguko wa mwisho, nimeoka keki ya kabichi na vitunguu, tunakula wote kituo cha mwisho!"

Nyuma yake, kwenye kiti cha mbele kabisa, Yevsei Kuzmich, na tiketi yake, ananipungia mkono. Yeye ndiye aliyenitaja. Alishamsimulia kila kitu, alama, karakana, kila kitu.

Hapo damu ikanipanda. Wiki nzima nimepigania haki, leo napewa kwa huruma? Mbele ya akina mama wote? Nikafungua kioo, nikasema kwa sauti, "Rimma Yegorovna, barabara ni sawa, tramu hupita kwanza! Pita wewe!"

Akasema, "Nakupisha, mpenzi wa sheria!"

Nikasema haruhusiwi.

Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akaniangalia kidogo, usoni hasa, kama mtu anayejaribu kusoma kitu bila miwani. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika. Nikamwonyesha kwa mkono, pita. Honi zilikuwa zimeanza nyuma. Akafunga kidirisha, akapiga kengele mara moja, akaenda. Nilibaki pale hadi wa nyuma yangu akanipita juu ya kibaraza cha watembea kwa miguu.

Jumatatu, 28 Oktoba

Ksenia hakupiga jana. Wanawe walikuwa na mafua, bila shaka.

Namba tano sasa ni ya yule mwenye masharubu. Hapigi kengele. Anapita tu, macho mbele. Nilimsubiri na aliporudi pia. Hakupiga.

Yevsei Kuzmich ameniletea gerejini kipande cha keki, kimefungwa kwenye kitambaa, kimeshakauka. Anasema Rimma Yegorovna alikaa kituo cha mwisho akitazama barabarani kwa muda, akadhani labda nitafuata kwa gari. Anasema ni mjane, Jumapili hupika pelmeni, vile vifuko vya unga vyenye nyama, nyingi kuliko anazoweza kula, na ameniachia ujumbe: laini namba mbili, kiti cha mbele, wakati wowote. "Tiketi moja, Savelyich. Moja! Nakununulia mimi!"

Nimeila keki yote nikiwa nimesimama. Sijala kitu kizuri namna ile tangu sijui lini. Nikalia kidogo, nadhani ni vitunguu.

Jioni nimetandaza ramani ya mji mezani. Na sikilizeni! Kule viwandani, nyuma ya ghala la nafaka, laini namba mbili inatokea kwenye kichochoro na kukata barabara kuu. Kuu kweli, yenye alama za serikali pande zote! Pale Rimma Yegorovna analazimika kunipisha, apende asipende, hakuna cha huruma wala cha Yevsei. Nimeweka kengele ya saa. Matairi ya baridi nafunga alfajiri, petroli naijaza njiani, na nimemwambia Yevsei Kuzmich hiyo tiketi yake ampe mtu asiye na gari.