Salamu za Phelesia kwa Ogeto Aliyetia Sahihi Nyuma

Wekeni chini mizani na vibaba, enyi wauza dagaa wa omena na wakulima wa tumbaku, mtege masikio! Nawasimulia Phelesia binti wa Muhuru Bay, Jemadari wa Magunia Kumi na Mawili, aliyemteka Ogeto mwenye duka la majembe mjini Migori, mwaka wa tisini na nne, bila mkuki wala karatasi.

Chanzo cha vita kilikuwa hati. Mwikwabe, mkulima wa Kehancha, aliandika ahadi ya kumlipa Ogeto bei ya plau. Ogeto akaitia sahihi mgongoni, akampa Phelesia kuwa malipo ya magunia yake kumi na mawili ya omena, nayo ndiyo yaliyokuwa mtaji wake wote. Siku ya malipo, Ijumaa, Mwikwabe akageuza mifuko nje: tumbaku yake haijalipwa.

"Aliyetia sahihi nyuma atalipa, mama," alinena Mellen, karani wa wakili, "lakini lazima apewe habari kesho kwamba hati haikulipwa. Kesho ikipita, yeye ako huru."

"Kesho Jumamosi! Ogeto ni Msabato, hagusi karatasi ya biashara. Na jua likitua tu, anaenda kwa wakwe zake!"

"Basi mwambie. Hata ya mdomo ni habari."

Kulipokucha, Ogeto alikuwa amejihami ndani ya ngome ya kanisa, benchi la tatu, Biblia kifuani kama ngao. Phelesia, Mkatoliki asiyewahi kuvuka kizingiti kile, aliketi nyuma. Aliogopa, tusidanganyane. Ndipo mzee wa kanisa akatamka maneno yaliyofungua lango: "Wageni wasimame, watusalimie."

Shujaa akasimama.

"Sabato njema, wapendwa! Mimi ni Phelesia wa hapa sokoni. Jana Mwikwabe wa Kehancha alikataa kulipa ile hati. Ndugu Ogeto, wewe ulitia sahihi nyuma, kwa hivyo sasa naangalia wewe unilipe. Mungu awabariki!"

"Amina!" likanguruma kanisa zima, kwa mazoea.

Jua lilipotua, Phelesia alikuwa mlangoni pa Ogeto.

"Sijapokea barua yoyote," Ogeto akafoka, mkoba wa safari begani.

"Baba, habari ulipata. Na wewe mwenyewe ulisema amina, tena kwa sauti kuliko wote."

Ogeto akatua mkoba, akafungua kabati, akamhesabia pesa zake. Jumatatu Phelesia alikuwa Muhuru Bay akipima omena mpya. Basi na iandikwe katika tarehe za mataifa: Migori ilitekwa na mwanamke aliyesimama alipoombwa kusimama.