Uzinduzi wa Sekondari ya Kisima cha Mulgara

Mheshimiwa Katibu wangu uliyenishikia mwavuli, Mheshimiwa Rubani, waheshimiwa wazee, akina mama, vijana na mwenye duka, waheshimiwa wenye ardhi hii, ambao jina lenu limeandikwa kwenye ukurasa uliobaki ofisini, wageni waalikwa, yaani mimi, mabibi na mabwana. (Makofi ya Katibu.)

Nimeruka kwa saa tatu juu ya jangwa lote hili jekundu, nikiacha shughuli nzito za kitaifa, ili kwa mkono wangu mwenyewe nizindue Sekondari ya Kisima cha Mulgara, tunda la Mkakati Jumuishi wa Mageuzi ya Fursa za Elimu Pembezoni, ambao tathmini ya awali, niliyoifanya mimi, imeonyesha kuwa umefanikiwa kwa asilimia mia moja na nne. (Watu wanatazama kushoto, kulia, kisha nyuma ya duka. Shantelle, binti wa Selwyn, amemaliza msingi mwaka huu. Shule isipoonekana hapa, atapelekwa bwenini mjini, kilomita mia tisa.)

Na msidhani tumekurupuka. Tuliunda kamati shirikishi ya wadau wawili, Bibi Daphne na Bwana Selwyn, mume wa binti yake, tukawaweka chumba kimoja kwa vikao kumi na kimoja. Tukauliza: jengo liwe wapi? Kimya. Nani anapinga watoto kwenda bwenini kwa muda? Kimya. Katika miaka thelathini ya utumishi sijaona maridhiano ya namna hiyo, na Katibu aliandika kila mara kwamba hoja imepita bila kupingwa. (Kicheko, kisha kinakatika. Kwetu sisi wa hapa, mkwe hasemi na mama mkwe wake wala hamtazami usoni. Ukiwafungia pamoja, kila mmoja hugeukia ukuta wake na kufunga mdomo. La kuambiana hupitia kwa Shantelle.)

Leo pia nimeagiza wakae meza kuu bega kwa bega, nao kwa unyenyekevu wamepeana migongo.

(Bibi Daphne anamwambia mjukuu wake, watu wote wakisikia: "Mwambie baba yako amuulize huyu mzee, hiyo shule kaiegesha wapi?" Shantelle anamgeukia baba yake, naye Selwyn anajibu: "Mwambie bibi yako hata mimi naitafuta. Mwambie na neno nilikuwa nalo kikaoni, ila wewe, mwanangu, hukuwepo kulibeba.")

Nasikia minong'ono ya shukrani. Ndugu zangu, matofali ni fikra za kizamani. Maabara ipo, maktaba ipo, uwanja wa mpira wenye nyasi upo, vyote katika mchoro wa rangi unaoning'inia ukutani kwangu, na kila nikiutazama najivunia. (Mzee mmoja anaondoka kwenda kutazama mkia wa kangaruu anaouchoma majivuni.)

Elimu! Pembezoni! Mbele kwa mbele! (Mbwa wanabweka.)

Nimalizie kwa shukrani. Asanteni kwa kusaini karatasi ya mahudhurio, maana sahihi zenu zinathibitisha kuwa shule imefunguliwa, na shule iliyofunguliwa haijengwi tena. Asante kamati kwa kuridhia bweni. Ndege yangu ina kiti kimoja kitupu, basi mwanafunzi wa kwanza awe huyu binti hodari anayezunguka kati ya bibi na baba. Chukua begi, mwanangu, rubani ana haraka.

(Ndege imeondoka na Shantelle. Bibi Daphne na Selwyn wamebaki kwenye uwanja wa ndege, kila mmoja ametazama upande wake. Wote wawili wanalia, na hakuna wa kumpelekea mwenzake pole.)