Jinsi Zimwi Langu Lilivyopata Shangazi

Jumamosi, 6 Septemba

Msiba. Msiba mtupu! Kazi ya miezi minne imekufa leo kati ya saa tisa na saa kumi na moja, ndani ya stoo ya Osman, katikati ya marobota ya vitambaa.

Niandike kila kitu, ili siku moja ijulikane nani wa kulaumiwa. Mchezo wetu ni rahisi. Mimi, Thadeus, ni msimulizi. Nawaambia wako wapi na wanaona nini. Wenzangu wanne ni mashujaa, na kila mmoja anasema shujaa wake anafanya nini. Jambo likiwa gumu, tunarusha dadu. Namba kubwa, shujaa amefaulu. Dadu yenyewe nilichongewa kule Tabaka kwa wachonga mawe, ya jiwe, pande ishirini. Imeshavunja vikombe viwili.

Hadithi yangu nayo ilikuwa safi. Binti Mfalme Bosibori ametekwa na zimwi. Amefungiwa mlimani miezi saba. Mashujaa wanapanda na panga, wanapigana, zimwi linakufa ukurasa wa tisini na nne. Mlima nimeuchora kwa kalamu za rangi tatu. Kuchora ndiyo kazi yangu. Huu ni mwaka wa kumi na moja nachora ramani za mashamba ya watu katika ofisi ya mpima ardhi hapa Kisii mjini.

Basi Celestine akauliza swali. Celestine ni muuguzi, na huuliza kama yuko wodini. Miezi saba? Nikasema saba. Akataka kujua kama baba ya msichana amewahi kutuma mtu kuulizia. Nikamwambia amewatuma nyinyi, wenye panga. Akaweka kalamu chini. Akasema miezi saba chini ya paa moja si kutekwa tena, hiyo ni ndoa ambayo wazee hawajaikalia.

Nikangoja wacheke. Hakuna aliyecheka! Nyakundi, karani wa kituo cha kupimia majani ya chai kule Ekerenyo na mjuaji wa kila kitu, akasema ukweni hakuendwi na panga. Ladan, mfamasia, dada yake Osman, akasema hata kwao Wasomali wazee ndio hutangulia. Wakaacha panga zote kwenye nyumba ya wageni chini ya mlima. Wakadai risiti.

Kisha wakamteua Osman awe esigani, yule mtu anayetumwa kuchunguza nyumba ya upande wa pili kabla watu hawajaoana. Nikadai dadu irushwe, nikiombea moja. Ishirini! Osman akapokewa mlimani kwa heshima zote, akakaa, akakohoa, akauliza swali la kwanza. Mama ya zimwi ni nani, na ni mtu wa wapi?

Kurasa mia moja na kumi. Zimwi langu halina mama.

Nikasema jibu ni wiki ijayo. Hapo Nyakundi akasafisha koo. Anayo hadithi yake mwenyewe, falme mbili, na ramani iliyochapishwa kwa rangi. Akapendekeza kwa upole (upole wa Nyakundi nautambua) kwamba hadithi yangu ikikwama tena Jumamosi ijayo, yeye achukue kiti cha msimulizi. Osman, ambaye stoo ni yake, akasema ni haki.

Haki!

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nafikiria maporomoko ya ardhi.

Mpango ni huu. Njia ya wageni kwenda kwa zimwi imezibwa na maporomoko. Imebaki njia moja tu, ya nyuma, nyembamba, ambayo haipitiki bila panga. Ukurasa wa sitini na mbili, wa mapigano ya njiani, unarudi hai. Nikawatumia sauti kwenye kundi letu la simu, na mvua nikaiigiza kwa mdomo.

Dakika moja haikuisha. Ladan akaandika kwamba mgeni hajitengenezei njia, mwenyeji ndiye hutuma vijana wa kuifungua, na wao watasubiri chini wakinywa chai. Celestine akaweka picha ya moyo. Nyakundi akaweka picha ya ramani yake.

Ni ramani mbaya. Mto wake unapanda mlima. Mimi ni mtu wa taaluma, siwezi kusema zaidi.

Jumatatu, 8 Septemba

Mpango wa pili, bora zaidi. Kama hakuna ukoo, hakuna mazungumzo! Saa nne asubuhi, nikiwa kazini, nimetangaza kwenye kundi kwamba zimwi lilikwisha kula jamaa zake wote. Wajomba, binamu, wote. Hakuna wa kukaa naye. Chukueni panga.

Nikanywa chai yangu kwa raha.

Saa nne na robo Osman akatuma salamu za rambirambi. Msafara wa mashujaa umeamua kwamba hauwezi kupita kwenye nyumba yenye msiba bila kusimama, kwa hiyo wataanzia matangani. Ladan akauliza marehemu walizikwa wapi. Celestine akagawa kazi za nani abebe sukari na nani abebe majani ya chai. Nyakundi akajitolea kuleta majani ya chai, bila shaka ya Ekerenyo.

Sasa nina matanga ya wajomba wa zimwi, na sijui hata majina yao.

Jumatano, 10 Septemba

Nimefanya jambo la akili sana. Nimekwenda Nyakoe kwa Mama.

Si kwamba nimekubali kushindwa. Lakini mtu akitaka kuzuia esigani lazima ajue esigani anauliza nini, na mimi sijawahi kuoa, kwa hiyo sijui. Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi. Nikamuuliza kana kwamba ni jambo la kupita tu. Siku hizi esigani akienda kwa watu huuliza nini?

Kisu kikasimama. Kisha akaongea saa nzima. Huangaliwa kama watu wa nyumba hiyo wanagombana na jirani juu ya mpaka. Magonjwa ya ukoo ni yapi. Wanamsemeshaje mgeni asiye na kitu. Mama mkwe ana mdomo wa namna gani. Nikaandika kila neno. Mama akatazama daftari, akatazama uso wangu, akauliza huyo ni mtu wa pande zipi. Nikasema wa mlimani. Mlima gani? Nikamwambia asiwe na haraka, mambo yote yatajulikana Jumamosi dukani kwa Osman, saa tisa.

Akanishika mkono. Macho yake yalikuwa na maji, nadhani ni ya moshi. Nikaondoka na mkungu wa ndizi na kuku mzima, bila kuomba. Mama yangu anapenda elimu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimejaribu kumpata Ladan pembeni. Adui mmoja akipungua, wanabaki watatu. Nikaingia kwenye famasi yake nikijifanya naumwa kichwa, nikamnong'oneza kwamba shujaa wake ni hodari wa upanga kuliko wote na ni aibu upanga kulala bure. Nikamwahidi farasi mweupe.

Akanisikiliza vizuri. Akaniuzia dawa ya kichwa. Akauliza kama Bosibori anajua kusoma, maana wanataka kumwandikia barua.

Kichwa sasa kinauma kweli.

Ijumaa, 12 Septemba

Niseme ukweli, kwa kuwa hakuna anayesoma hapa. Naogopa.

Ofisini hunisemesha pale tu mstari ukiwa umepinda. Kanisani niko sauti ya pili, nyuma ya nguzo. Lakini Jumamosi, saa mbili hizo kwa Osman, nikisema kuna mlango, watu wazima wanne wanauona mlango. Wananingoja nipumue ndipo nao wapumue. Nikikipoteza kiti hicho, sijui nitakipata wapi kingine. Nyakundi anacho kituo chake, ana pikipiki yake, ana watu wa kumpigia saluti akifika na mizani. Anataka na hiki cha nini?

Kwa hiyo nimeandika mpango wa mwisho. Kesho, wakiwa matangani, vikombe mkononi, zimwi linavamia. Bila neno. Ukurasa mmoja, damu mpaka mstari wa chini. Hata Celestine hawezi kuuliza swali akiwa juu ya mti.

Jumamosi, 13 Septemba

Niandike kwa utaratibu.

Saa tisa tukakaa. Nyakundi alikuja na ramani yake ndani ya bomba la plastiki, akailaza mezani mbele yangu. Nikafungua ukurasa wa damu. Nikavuta pumzi. Mlango wa stoo ukafunguliwa, akaingia Shangazi Nyanchama.

Shangazi Nyanchama! Dada mkubwa wa baba yangu, suti ya kanisani, mwavuli, mkoba wa kwenda harusini. Nusu ya ndoa za Nyakoe zimepita mikononi mwake, na zile alizozikataa hazikufungwa. Akasalimia kila mtu kwa mkono. Akasema ametumwa na Mama. Akauliza msichana ni yupi.

Ndipo nilipoelewa yule kuku wa Mama.

Kabla sijafungua mdomo, Celestine akamjibu kwa heshima kabisa kwamba msichana anaitwa Bosibori, yuko mlimani mwezi wa nane huu, na wao ndio upande wake. Shangazi akavuta robota, akakaa. Akauliza upande wa kijana una nani. Wote wakanitazama mimi. Shangazi akanihesabu, mtu mmoja. Akahesabu wale, wanne. Akasema haiwezekani, mtoto wa kaka yake hawezi kusimama peke yake mbele ya watu wanne wenye maneno. Akahamishia robota lake upande wangu.

Nikajaribu kuvamia. Kweli nilijaribu, nilisema zimwi linatokea likinguruma. Shangazi akanigonga goti, akaniambia kijana hapigi kelele wakati wazee wanaongea. Akataka jina la kijana. Jina lililokuja mdomoni ni Geoffrey. Sijui limetoka wapi! Zimwi la kurasa mia moja na kumi sasa linaitwa Geoffrey.

Baada ya hapo nilikuwa nakokotwa tu. Osman akauliza juu ya mama, Shangazi akanigeukia, nikabuni mama. Mjane, mkali, mfinyanzi. Ladan akaleta habari ya wajomba walioliwa. Nikafikiri tumekwisha. Shangazi akasema kwa sauti ya chini kwamba kila nyumba ina jambo ambalo halisemwi mbele ya wageni, na je, wao kule kwa mfalme, hawana lao? Nyakundi, mjuaji wa kila kitu, akaangalia kikombe chake. Kisha akakiweka juu ya ramani yake mwenyewe bila kuona.

Ndipo Osman akasema jambo moja limebaki. Kwao msichana huulizwa mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi. Shangazi akakubali, akasema aitwe.

Wote wakanigeukia. Mimi ndiye Bosibori pia. Msimulizi ni kila mtu.

Nikapekua daftari. Bosibori nilikuwa nimemwandikia mstari mmoja, "Niokoeni!" Nikautazama. Nikafunga daftari. Nikasema, kwa sauti yangu hii hii, kwamba hakuna aliyeniteka. Nilipanda mlima kwa miguu yangu. Kwa baba nikisema neno, wengine wanasema juu yake mpaka lizame. Huku nikisema neno, Geoffrey anangoja nimalize.

Celestine akajifuta macho kwa kona ya kitenge cha dukani, na Osman hakumkataza. Shangazi akasema basi, msichana amesema, sasa mfalme apande mwenyewe, na aje bila kofia.

Saa kumi na mbili na nusu bado tulikuwa tumekaa. Nyakundi ndiye aliyeuliza kama wiki ijayo anaweza kuwa ndugu ya mfalme, yule mkaidi. Aliniuliza mimi. Habari ya kiti haikutajwa na mtu.

Mpaka sasa sijui kama Shangazi alijua kwamba ni mchezo. Nikimsindikiza akasema Geoffrey ana bahati. Akasema pia yule muuguzi anauliza maswali mazuri, na kwamba atapita kwao Nyamira aone watu wake. Nilipomweleza Celestine kwa aibu, alicheka, akasema shangazi apite tu, mama yake hupika ugali safi wa wimbi. Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi kuliko inavyofaa.

Jumapili, 14 Septemba

Asubuhi njema kuliko zote! Nimetafakari ushindi wa jana, na siri nimeiona. Ni maandalizi. Bila kurasa zangu mia moja na kumi, wale watu wangeanzia wapi kutoka nje ya njia? Jana ilikwenda vizuri kwa sababu nilikuwa nimepanga vizuri. Kosa langu lilikuwa moja tu, sikupanga vya kutosha.

Harusi ya Geoffrey nitaimaliza Jumamosi kwa nusu saa. Nimenunua daftari jipya, lile nene la jalada gumu. Hadithi mpya inaanzia ndani ya pango. Mawe pande zote. Hakuna kijiji, hakuna nyumba ya wageni, hakuna wakwe. Mlango mmoja tu, na nyuma yake joka. Hawana pa kwenda isipokuwa ninapotaka! Safari hii nimewaandikia hata maneno yao, ili wasihangaike. Ukurasa wa thelathini Celestine anasema, "Asante, Thadeus, sasa tumeelewa."

Celestine mwenyewe alipiga simu saa nane. Nikashindwa kujizuia, nikamsimulia pango. Akafurahi sana. Akauliza ni nani aliyeujenga huo mlango, na kama yuko nyumbani.

Nimecheka mpaka nikakohoa. Maswali ya huyu dada! Nimemwambia mlango ni mlango tu, nikamuaga, nikarudi ukurasa wa thelathini na moja, pale wote wanne wanapochomoa panga.