Kukata Utepe Siku ya Mchujo, Kata ya Kumi na Saba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama wa Kata ya Kumi na Saba, ambaye hayupo. Mheshimiwa mwakilishi wa msaidizi wa Meya, ambaye yuko njiani tangu saa nane mchana. Makapteni wa mitaa mliogonga milango wiki nzima na orodha zenu mkononi. Mwenye duka la mashine za kufulia hapo kona, aliyetuazima kipaza sauti. Bibi Odessa Pettway, ambaye hajakosa mchujo hata mmoja wa kumtafuta mgombea urais wa chama tangu mimi nikiwa tumboni mwa mama yangu. Na ninyi wananchi mia mbili na zaidi mliojipanga hapa Mtaa wa Halsey mbele ya turubai hili la bluu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi machache.)

Mimi, Kamishna Cornelius Dombrowski, Mratibu Mkuu wa Maboresho ya Upigaji Kura, ambaye pia, nalisema hili kwa unyenyekevu mkubwa, jina langu liko mstari wa tisa kwenye karatasi yenu ya leo nikiomba mnitume kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa chama, nimesimama mbele yenu kwa furaha isiyo kifani kuzindua Kituo Jumuishi cha Kisasa cha Kura, kitakachochukua nafasi ya ule ukumbi wa mafundi bomba wenye harufu ya soksi. (Kicheko. Sauti: "Mlango unafunguliwa saa ngapi?") Swali zuri sana hilo, nitalifikia.

Kwanza tujitambue. Wenzetu wa mashambani huingia, hutia alama, hutoka, hurudi kwa ng'ombe wao. Sisi watu wa jiji kubwa hatuna pupa hiyo, sisi kura zetu huhesabiwa mwisho, na taifa zima hukaa macho likisubiri namba zetu, na huo, ndugu zangu, ndio ukubwa wenyewe. Tena hapa kwetu, ambako chama ni kimoja tu tangu babu zetu washuke melini, mchujo ndio uchaguzi, ule wa Novemba ni sherehe ya kuvaa makoti. Ndiyo maana wagombea urais kumi na mmoja walikuja kwetu wakati wa theluji, wakala pierogi zetu, vile vitumbua vya unga vilivyojazwa viazi, mbele ya kamera, mmoja akazila na ganda la karatasi, wakatuita uti wa mgongo wa nchi. Na ingawa tisa kati yao walijitoa kabla zamu yetu haijafika, majina yao bado yapo kwenye karatasi, ili msikose uteuzi mpana. (Miguno.)

(Bibi Pettway, kwenye kiti chake cha kukunja: "Cornelius, mwanangu, sasa ni kumi na mbili na nusu. Kura zinafungwa saa moja.") Nashukuru kwa mchango huo, Bibi. Tathmini shirikishi tuliyoifanya kwa awamu nne inaonyesha kwamba malalamiko kuhusu foleni yamepungua kwa asilimia mia moja tangu tulipoifunga ofisi ya malalamiko, na kwamba kibandiko cha "Nimepiga kura" sasa kinapatikana kwa lugha kumi na nne, kikiwa na gundi rafiki kwa mazingira, na kwamba mwitikio wa wananchi, tazameni tu mstari huu unaofika mpaka kwa muuza samaki, haujapata kuonekana katika hotuba yangu yoyote. (Sauti: "Hatukuja kwa hotuba!" Nyingine: "Mke wangu yuko kazini, nimemshikia nafasi!") Hamasa hiyo ndiyo ninayoisema!

(Bibi Pettway: "Kumi na mbili na dakika hamsini. Miguu yangu hii inavimba. Fungua hilo turubai niingie.") Bibi yangu, jambo jema halina haraka... nimalizie ukurasa huu. Kituo hiki kitakuwa na viti, narudia, viti. Kitakuwa na ngazi inayopanda yenyewe na mashine ya kahawa. Na ndiyo maana mimi binafsi, kwa kalamu yangu, nilisaini tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa mafundi bomba likiwaelekeza wakazi wote wa kata hii waje hapa. Sasa naomba mkasi. Moja, mbili, tatu! (Utepe unakatika. Turubai linaanguka. Nyuma yake kuna kiwanja kitupu, magugu, na jokofu bovu. Kengele ya kanisa inagonga saa moja.)

Kama mnavyojionea, mradi uko katika hatua ya dhana. (Zogo. "Mwizi wa siku!" "Kura yangu iko wapi?") Tulieni, tulieni. Kwa kuwa kituo hiki hakijawahi kujengwa, wala kuchorwa, wala kuombewa kibali, nachukua fursa hii kuwashukuru kwa dhati makarani wa ukumbi wa mafundi bomba, hapo nyuma hatua mia mbili tu, ambao kwa uzalendo wao wamekaa na sanduku lao wazi tangu alfajiri, na ambao, naambiwa, wamelifunga sasa hivi.

(Bibi Pettway anasimama, anakunja kiti chake. "Cornelius, mimi ndiye niliyewaita hawa. Nyumba kwa nyumba. Niliwaambia Cornelius, mtoto wa Stasia, anataka kwenda mkutano mkuu, twendeni tukampe kura. Mstari wa tisa. Wote hawa walikuwa wako.")

Wote?

Kata ya Kumi na Saba, hoyee! Mchujo, hoyee! (Mstari unatawanyika. Mwenye duka anakuja kuchukua kipaza sauti chake.) Mstari wa ti... Ahsanteni. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.