Kipande cha Kioo Getini

Karatasi ilibandikwa kwenye geti la kiwanda cha blanketi saa nne asubuhi. Ilipofika saa saba, saa ya chakula, benchi la kibanda cha chai cha Mbula, mkabala na geti hilo pale Ruiru, lilikuwa limegawanyika: waliokuwa na majina kwenye karatasi, na Wamalwa.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, na kila mtu alijua kiwanda kinapunguza watu mwezi huo. Wamalwa, waliyemwita Kamishna kwa ajili ya koti lake la kaki, alikuwa na miaka kumi na moja pale. Alikuwa ameisoma karatasi mara tatu. Picha ya kioo cha kompyuta, majina kumi na manane, lake halimo. Hapakuwa na kichwa, na wote walichukulia kuwa hao ndio watakaobaki.

"Mbula, wape watu mandazi!" Obiero akasema. Huyu aliitwa Waziri, maana hakuwahi kusema neno dogo. "Mmeona jina langu limepakwa weusi? Wengine wameandikwa tu. Mimi kompyuta imenipigia saluti."

"Hiyo si saluti," Idarous akasema. Alikuwa amesomea kompyuta wiki tatu Thika mjini, kwa hiyo walimwita Windo, kifupi cha Windows. "Mtu amefinya hapo, ikageuka nyeusi."

"Na mbona asifinye kwa Mulei, na yeye pia yuko kwa karatasi?" Obiero akauliza.

Idarous akachukua andazi lingine. Hilo hawakufundishwa.

"Kwani kompyuta hupigwa picha na kamera gani?" Mbula akauliza, akimimina chai.

"Hakuna kamera, mathe," Idarous akajibu. "Unafinya Print Screen, inameza kioo chote. Halafu unakata kile kipande unataka, ingine unatupa. Ni mimi nilimfunza Nadira wa ofisini. Wino ilikuwa inaishia kwa mapambo ya bure."

"Sasa jina langu si linaweza kuwa kwa kile kipande kimetupwa?" Wamalwa akauliza.

"Kamishna, jikaze," Obiero akamkata. "Huko mtaa wa Membley wanatafuta soja wa kulinda geti. Na koti uko nalo tayari."

Benchi zima likacheka. Wamalwa naye akacheka, na ilimuuma kweli kweli.

"Hata mimi sijakaa bure," akasema. "Nimemwandikia meneja barua. Kurasa mbili. Nimeipitisha chini ya mlango saa tano."

"Ukamwambia nini?"

"Ukweli. Mpaka ile maneno ya shemeji yake na blanketi hupotea."

"Wacha! Umemtaja shemeji?"

"Kwa jina. Na bibi ya meneja nimempa pole kwa bwana kama huyo."

Mbula akamwongezea chai kwa heshima. Hata Idarous aliacha kutafuna.

Ndipo Nadira akatokea getini mbio mbio, karatasi nyingine mkononi.

"Idarous! Umeniingiza kwa shida! Meneja ameniwakia! Si ulisema nikate juu?"

"Juu ni mapambo."

"Haya, soma mapambo!"

Akaitandaza juu ya benchi. Ilikuwa picha ile ile, majina yale yale, ila sasa juu yake palikuwa na mstari mmoja kwa herufi kubwa: WATAKAOONDOLEWA KAZINI MWISHO WA MWEZI.

Obiero alibaki na andazi karibu na mdomo. Hakuling'ata, wala hakulirudisha kwenye sahani.

"Na huu weusi?" akauliza, kwa sauti ndogo ambayo benchi halikuwahi kuisikia.

"Meneja alikuwa anaonyesha nani ataenda wa kwanza."

Wamalwa aliona furaha ikimpanda, akaionea haya. Akavua koti lake la kaki, akalikunja vizuri, akaliweka mapajani mwa Obiero. Hakusema neno juu ya Membley. Kisha akakumbuka barua yake.

"Nadira, mama, hiyo mashine yenu inaweza kukata barua? Nataka ibaki tu 'Kwa Bwana Meneja' na pale chini nimeandika 'Wako mwaminifu'."

"Barua gani? Ile yenye shemeji?" Nadira akauliza. "Alikuwa anaisoma nikitoka. Alikuwa amefika ukurasa wa pili."

Wamalwa akanyoosha mkono, akachukua tena koti lake la soja.