Ndege wa Orsantu na Sifa Nusu

Jumatatu, 8 Aprili
Wageni wa darubini, wale watazama ndege, wamekuja tena. Moja kwa moja kwa jirani Orsantu. Wanakaa kwenye benchi lake, wanakula jibini lake. Kisa? Ule msonobari wake mkavu una videge wa kofia nyeusi, ambao hawako popote duniani ila milima yetu ya Korsika. Mimi nina msitu wa misonobari mizima, mirefu. Patupu! Videge wanataka mti uliooza, wachonge kiota. Roho inaniuma.

Jumanne, 9 Aprili
Nimekokota gogo bovu kutoka bondeni, nimelisimika uani. Mgongo umekwisha. Orsantu alichungulia ukutani, akauliza kama nimeanza kupanda maiti.

Jumatano, 10 Aprili
Hajaja ndege. Nimekwenda kwa Orsantu, nikatazama juu, nikasema ndege wake ni wazuri mno. Kisha kimya. Kwetu hapa ukisifu kitu bila kuongeza "Mungu abariki," umekitupia kijicho. Orsantu akasubiri.

"Malizia basi, jirani."

Nikakohoa, nikaaga.

Ijumaa, 12 Aprili
Upepo umeuangusha msonobari wa Orsantu. Kumbe nina jicho kali hivi! Nimekula vizuri leo.

Jumapili, 14 Aprili
Videge wamehamia kwangu! Wanachonga gogo langu. Wageni wako kwenye benchi langu, wanamaliza jibini langu. Orsantu naye akaja. Akatazama juu, akasema ni wazuri mno. Akanyamaza. Nikamsihi amalizie.

Akakohoa, akaaga.

Jumatatu, 15 Aprili
Kichwa kinagonga. Nimemwita Shangazi Filicita, ndiye anayetuondolea kijicho. Akadondosha mafuta ya zeituni kwenye sahani ya maji. Yakatawanyika.

"Jicho lipo, mwanangu, ila ni lako mwenyewe, limekurudia. Acha wivu. Na hao ndege waache wapumue."

Nimemkubalia kwa moyo wote. Alipoondoka nikatundika marijani nyekundu ya kukinga kijicho kwenye gogo, nikamwaga chumvi pande zote, nikakaa chini yake na bunduki ya kuwindia nguruwe. Orsantu akipita tu, napiga sufuria.

Jumatano, 17 Aprili
Videge wamehama. Wako kwenye msonobari mkavu wa Shangazi Filicita. Wageni wote wako kwake, anawakatia soseji.

Nimekwenda kumsalimia. Nimemwambia nimejifunza, sina wivu tena na mtu. Akafurahi, akanibusu. Nikatazama juu, nikasema ndege wake ni wazuri mno.

Nikakohoa, nikaaga.